Mishale ya Bi Kagua

Nyuma ya shule ya wasichana palikuwa na kiwanja chembamba ambacho hakuna aliyekitaka. Kilijaa magugu, vipande vya matofali na viti vilivyovunjika miguu, na mwisho wake kulikuwa na tuta refu la udongo lililoachwa na wajenzi. Mwalimu wa michezo alikitazama kiwanja hicho kama bibi harusi anavyoitazama nyumba yake mpya. Aliona uwanja wa kulenga shabaha kwa upinde na mshale.

Katika ujana wake mwalimu huyo alikuwa mpiga upinde hodari. Wanafunzi walimbandika jina la Bi Kagua, kwa kuwa hakuna kitu alichokishika bila kukigeuza, kukigonga na kukitazama dhidi ya mwanga. Mkuu wa shule alimkubalia ombi lake shingo upande.

"Anzisha, sikukatazi," alimwambia. "Lakini siku mtoto wa mtu atakapotoka huko na jeraha, chama chako kitakuwa kimekufa, na mimi sitalia msibani."

"Hatatoka mtoto na jeraha, Mkuu," Bi Kagua akajibu bila kupepesa macho. "Nipe muda tu."

Muda huo ndio uliowamaliza watu uvumilivu. Pinde zilikwisha kufika, zikatundikwa stoo, na wasichana wakawa wanazitazama huku wakimeza mate. Hata mshale mmoja haukuwa umerushwa. Badala yake walipewa mikasi, wakaketi sakafuni kukata vifungo na zipu kwenye marundo ya nguo chakavu. Nguo hizo zingeshindiliwa kwenye magunia ya kupokelea mishale, na Bi Kagua hakutaka hata kifungo kimoja kibaki ndani.

"Mshale ukigonga zipu," aliwaambia, "haukuulizi jina. Unarudi."

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mume wa dada yake, fundi seremala mwenye karakana mtaa wa pili. Binti yake alikuwa mmoja wa wasichana hao, tena mwenye shauku kuliko wenzake wote. Alasiri moja fundi aliingia uwanjani akisukuma mkokoteni. Juu yake palikuwa na ubao mnene uliopakwa duara za rangi, na pembeni mafungu ya mishale ya mwanzi.

"Shemeji, wapumzishe watoto wa watu!" alitangaza akijipiga kifua. "Shabaha hiyo hapo. Mbao ngumu tupu! Hata tembo akiiegemea haitikisiki."

Bi Kagua aliugonga ubao kwa vifundo vya vidole. "Kazi safi, shemeji. Ubao huu ungefaa sana kuwa meza."

Wasichana wakaangua kicheko.

"Meza?"

"Meza. Mshale unataka kitu cha kuukumbatia, uchokee humo taratibu. Ukikutana na kitu kigumu, ama unavunjika ama unarudi ulikotoka. Na ulikotoka kuna mtoto."

Akachukua mshale mmoja wa mwanzi, akauviringisha juu ya benchi. Ukaenda ukiyumba kama mlevi. Akauinua juani, akamwonyesha ufa mwembamba kama unywele uliopita ubavuni. "Huu ukisukumwa na uzi wa upinde utapasuka, na kibanzi kitaishia kwenye kiganja."

"Wazee wetu walitumia mianzi, shemeji, na hawakufa."

"Walijua kuichagua. Wewe umeichagua wapi?"

Fundi akakohoa. "Kwenye... dari la banda la kuku."

Safari hii hata binti yake alicheka hadi machozi. Fundi aligeuza mkokoteni wake, akaondoka amenuna.

Jioni ile aliusimamisha ubao wake uani, mkabala na mlango wa karakana, akasimama mlangoni na upinde aliouchonga mwenyewe. Alitaka kumwonyesha shemeji yake kwamba woga na tahadhari ni vitu viwili. Akawaondoa mafundi wenzake, akavuta, akaachia. Mshale uligonga ubao kwa mlio mkali, ukageuka kama aliyesahau kitu nyumbani, ukapita kando ya sikio lake, ukaingia karakanani na kuvunja kioo cha kabati la mteja lililokuwa likisubiri kuchukuliwa. Fundi alibaki ameganda, upinde mkono mmoja, mkono mwingine ukipapasa sikio kuhakikisha bado lipo.

Siku ya pili alirudi shuleni bila mkokoteni. Alikuwa na mkasi tu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "vifungo viko wapi?"

Bi Kagua alimwonyesha pa kukaa. Habari ilikwisha kumfikia kupitia kwa binti, tena ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha. Alimsogezea rundo la nguo, na kuanzia siku hiyo hakuwa na msaidizi mwaminifu kumpita fundi huyo. Yeye ndiye aliyechonga fremu za kubebea magunia. Yeye ndiye aliyepanga tabaka za sponji za magodoro ya zamani nyuma yake, akazikaza kwa mikanda. Hatimaye shabaha zilisimama mbele ya tuta la udongo, ili hata mshale utakaokosa gunia uzikwe udongoni.

Kwa upande wa mishale, Bi Kagua alichagua ya alumini, mirefu kupita mkono wa kila msichana, ili asiwepo wa kuuvuta mshale hadi ncha ikaangukia nyuma ya upinde. Ncha zake hazikuwa na makali. "Alumini ikiumia inapinda, nawe unaiona," aliwafundisha. "Kaboni ni nyepesi na ina kasi, lakini huficha maradhi. Ukiishika, ikunje kidogo karibu na sikio uisikilize." Mshale ulioanguka ulikaguliwa. Uliogongwa na mwenzake ulikaguliwa. Hata uliotulia podoni, ndani ya mfuko wake, ulikaguliwa kabla ya kupanda uzini. Wasichana walilalamika, wakazoea, na mwishowe vidole vyao vikawa vinapita juu ya mshale vyenyewe.

Kisha siku ya mashindano ikawadia. Klabu mashuhuri ya wasichana ilialikwa, na Mkuu akatangaza kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua kama kiwanja kitabaki cha chama au kitageuzwa maegesho ya magari. Wageni walikuja na mishale myeusi ya kaboni iliyong'aa kama ngozi ya nyoka. Kocha wao, mwanamume mcheshi aliyevaa miwani ya jua, alisalimiana na kila mtu kana kwamba ndiye mwenyeji.

Mchuano ulikuwa mkali. Hadi raundi ya mwisho binti wa fundi alikuwa sawa kwa pointi na nyota wa wageni. Hapo ndipo alipogundua kwamba mshale wake mmoja, uliogongwa na mwingine kwenye gunia, umepinda. Akauweka kando. Kocha wa wageni akamsogelea akimnyooshea mshale wake.

"Chukua huu, binti. Huu ukiruka utadhani umetumwa!"

Binti akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Vidole vikapita juu yake. Akaukunja kidogo karibu na sikio. Ulilia, tk, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa.

"Samahani, kocha. Huu siwezi kuutumia."

"Huwezi?" Kocha akacheka, akawageukia watazamaji. "Mishale hii imeshinda vikombe, mama!"

Minong'ono ikapita vitini. Muda wa zamu yake ulikuwa unayoyoma. Mkuu aliinama kuelekea kwa Bi Kagua. "Mwambie apige! Tutapoteza kila kitu kwa mshale mmoja?"

Bi Kagua alimwachia binti uamuzi. Binti naye hakumtazama mtu. Aliurudisha mshale ule kwa mwenyewe, akasema taratibu, "Nitachukua mwingine wa kwetu. Muda ukiisha, basi umeisha."

Kocha aliupokea akitikisa kichwa. "Hauna kitu huu. Tazameni!" Akaukunja kwa mikono yote miwili.

Ukakatika. Vibanzi vyeusi, vyembamba kama sindano, vikatawanyika juu ya viatu vyake. Kocha alivua miwani, akavitazama vibanzi vile, kisha akautazama mkono wa kushoto wa yule binti, mahali ambapo mshale ungekuwa umelala.

"Wekeni pinde chini," aliwaamuru wasichana wake. "Wote." Akamgeukia Bi Kagua. "Mwalimu, tusaidie kukagua iliyobaki."

Mwamuzi alisimamisha saa. Wasichana wa pande zote mbili wakaketi pamoja, mshale kwa mshale, na mingine mibovu ikapatikana na kutupwa. Mchezo uliporejea, nyota wa wageni alipiga vizuri. Binti wa fundi akashika mshale wa alumini wenye mikwaruzo, akavuta pumzi, akaachia. Ukazama katikati ya duara kwa sauti nzito, kama ngumi kwenye mto. Shangwe zikalipuka, na fundi seremala akajikuta amemkumbatia mtu asiyemjua.

Mkuu alishuka akiwa na tabasamu pana. "Kiwanja ni chenu!" alisema. "Jamani, wasichana hawa wana bahati! Hajaumia hata mmoja, na wanapiga kama waliozaliwa na pinde mikononi."

"Bahati, Mkuu?" fundi akamjibu, huku akimtupia shemeji yake jicho la heshima. "Mimi bahati hiyo nimeichonga kwa mikono yangu, na kabla sijaichonga niliicheka. Hawa hawakuzaliwa hivi."

Bi Kagua hakuwasikia. Alikuwa amekwisha kuinama mbele ya gunia, anachomoa mishale mmoja mmoja na kuitazama juani. Na wote waliokuwa wakistaajabu jinsi mishale ile ilivyoruka salama waliondoka wakikiri jambo moja: ukiona vyaelea, vimeundwa.