Siwa ya Mji wa Shungi

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye korosho, tafuna polepole, maana kesi hii imenishinda mimi mwenyewe.

Mji wa Shungi ulikuwa na siwa, baragumu la shaba refu karibu kimo cha mtu. Ada yao ni hii: mtawala hakalii kiti mpaka siwa ipulizwe mara tatu. Basi tajiri mmoja, Shekuwe, akataka kutawala ili afunge visima vya watu, auze maji. Na walikuwapo ndugu watatu: Lali mwenye pumzi, mpuliza siwa, Mwanajaha mwenye sauti, na Famau mwenye maswali, kero tupu tangu utotoni.

Siku ya kutawazwa, Lali akapuliza mara moja. Akapuliza ya pili. Ya tatu, akaishusha siwa chini. Askari wakampiga rungu la mdomo, meno ya mbele yote yakang'oka.

Mwanajaha akasimama kati ya wanawake walioletwa kupiga vigelegele, akaanzisha wimbo wa kusindikizia maiti. Wote wakaupokea. Mtu kaimbiwa jeneza yu hai, atatawazwaje?

"Wakamateni!" Shekuwe akafoka.

Famau akawageukia askari. "Jamani, siwa ndiyo inayompa huyu amri, au sisi ndio tunaoipa siwa amri? Kama ni siwa, imenyamaza. Kama ni sisi, mama zenu hao wanamzika."

Askari wakatazamana, wakatupa marungu. Shekuwe akatoka mbio, kiatu kimoja.

Mnacheka? Ngojeni. Siwa lazima iwe na mlinzi, na siku hizo haikuwa naye; mlinzi ndiye aamuaye ipulizwe kwa ajili ya nani. Asipopatikana kabla ya Ijumaa, inarudi kwa ukoo ulioifua: ukoo wa Shekuwe. Na visima vyafungwa.

"Nimeitolea meno yangu!" akalia Lali. Masikini, pumzi zinamvuja, hawezi tena hata filimbi.

"Pole, kaka, lakini mji niliuinua mimi," akasema Mwanajaha. Lakini tangu enzi za mababu mwanamke hajawahi kuigusa siwa.

Famau naye akaitaka. Wee! Aliyewaambia watu siwa haina nguvu yake yenyewe, akiilinda yeye, nani ataiheshimu?

Na linaloniuma ni hili: kila mmoja ameshaanza kunong'ona jina la mtu wake wa kutawala. Alhamisi adhuhuri Lali alikuwa amekaa mlangoni pa chumba cha siwa, anamfukuza dada yake wa tumbo moja.

Je, ninyi mngempa nani? Na huyo mtakayempa, siku akimpulizia dhalimu, nani atathubutu kumkatalia?