Gamba la Telezi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitikia kama watu mlioshiba kupita kiasi. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, alikuwepo Mama Nungunungu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na shimo lake, na miiba yake, basi. Siku moja, akichimba viazi, akakuta kinyoka. Chatu mchanga, mwembamba, anatetemeka kwa baridi. Akamsukuma kwa pua, taratibu, mpaka nyumbani. Akamlea. Akamwita Telezi.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja. "Wewe lala ukuta ule, mimi nilale ukuta huu. Miiba yangu haijui mtoto." Telezi kule, mama huku. Mama hakuwahi kumkumbatia mwanawe hata mara moja, na jambo hilo lilimuuma.

Sasa, nyoka akikua hujivua gamba. Na Telezi alikua! Kila akijivua, gamba lilitoka zima, swaaa! Kwezi, ndege jirani wa juu ya mti, akashuka kuliokota. Ndiyo desturi yake Kwezi. Hutandika gamba la nyoka kiotani, ili mwizi wa mayai akichungulia, atoke mbio.

Mwaka ule mvua ikakataa. Ardhi ikapasuka, shimo likakauka. Wakati wa Telezi kujivua ukafika, macho yakaingia ukungu mweupe kama maji ya mchele. Haoni kitu. Akajisugua ukutani, kwaru, kwaru. Gamba likapasuka mdomoni, kisha likagoma.

Mnacheka? Nani hapa hajawahi kukwama na shati kichwani? Giza, pumzi hamna, mama anavuta, na masikio nayo yanataka kwenda! Ndivyo alivyokuwa Telezi.

Kwezi akaja. "Hodi! Dada, gamba langu liko wapi?"

"Bado. Limekwama."

"Limekwama? Na mayai yangu yako kiotani! Ngoja nimsaidie."

Mama hajajibu, Kwezi keshashika ncha kwa mdomo. Akavuta. Chaaa! Gamba likachanika, na ngozi changa ya chini ikachanika nalo. Damu. Telezi, kwa uchungu na kwa kutoona, akarusha kichwa, hap! Akalikosa bawa la Kwezi kidogo tu.

"Amegeuka!" Kwezi akapaa akipiga kelele. "Huyo si mtoto tena, ni chatu! Mfukuze, dada, kabla hajakumeza!"

Mama akamtazama Telezi. Amejikunja ukutani, anatetemeka kama siku ile ya viazi.

"Mama, nimemuuma nani?"

"Hujamuuma mtu, mwanangu."

"Sioni. Nitaona tena?"

Mama hakujua. Aliogopa sana. Nyoka asiyeona atawindaje? Na asipowinda atakula nini? Lakini akasema tu, "Twende."

Wakaenda mtoni. Mama mbele, Telezi akiifuata sauti yake. "Kulia, mwanangu. Hapo kuna jiwe. Lizunguke." Mto wenyewe mchanga mtupu. Mama akachimba. Kuru, kuru, kuru. Akachimba mpaka kucha zikauma. Maji yakachungulia. Akamlaza Telezi humo, jua likayapasha maji moto, akamfunika majani mabichi. Wakangoja.

Kwezi, aliyewafuata, akauliza kutoka mtini: "Tayari?"

"Bado."

Jua likapanda. "Tayari?"

"Bado."

"Dada, unalea uvivu!"

"Nimesema bado, Kwezi."

Jua lilipoanza kushuka, gamba likalainika. Sasa linataka kusuguliwa. Kwenye jiwe? Jiwe litamchubua kidonda. Mama akageuka, akautazama mgongo wake.

"Telezi, panda juu yangu."

"Mama! Miiba!"

"Ikilala haichomi. Anzia kichwani kwangu, teremka kuelekea mkiani. Pita katikati yake. Usirudi nyuma. Mimi nitailaza."

Nanyi mnajua, nungunungu akishtuka, miiba husimama yenyewe, haingoji ruhusa. Mama akalala kifudifudi, akaanza kuimba kwa sauti ndogo.

*Telezi, teleza,*
*polepole, teleza.*

Telezi akapanda. Akapenya kati ya miiba. Gamba likashikwa na miiba, likabaki nyuma. Swaa. Kidogo. Swaa. Kidogo tena.

Kwezi, kwa kutaka kuona, akainama, akainama, akainama. Tawi kavu, kwaa! Likaanguka karibu na sikio la Mama Nungunungu. Puu!

Moyo ukamruka. Ngozi ya mgongo ikasisimka. Miiba ikataka kusimama, na mtoto yuko katikati yake! Mama akafumba macho. Akaukandamiza mwili wake mchangani. Hakuacha kuimba.

*Telezi, teleza,*
*polepole, teleza.*

Miiba ikalala.

Gamba likatoka mpaka ncha ya mkia. Macho je? Jicho moja likafunguka. La pili, bado kipande kimeng'ang'ania.

"Kidogo tu hicho," akasema Kwezi. "Nikidonoe?"

"Jicho halidonolewi! Rudi majini, mwanangu."

Telezi akarudi. Wakangoja tena, na safari hii Kwezi hakuuliza. Kisha Telezi akasugua shavu kwenye pua laini ya mama, na kile kipande kikadondoka kama ganda la kitunguu.

Telezi akaona. Akamwona mama, kucha zimevunjika, uso umejaa mchanga. Akapanda tena mgongoni, kichwani kwenda mkiani, akamzunguka. Chatu akimzunguka mtu hivyo, mtu huyo basi tena. Kwezi akafungua mdomo apige kelele, akaufunga.

Mama alikuwa analia kwa furaha. Miaka yote ya kumlea, hakuwahi kujua mwanawe ana uzito gani.

"Nisamehe, dada," Kwezi akasema. Mama akampa lile gamba, vipande vipande. Likatosha kiota. Na nyumbani kwao, tangu siku hiyo, wakalala ukuta mmoja.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: aliyekwama asivutwe. Alainishwe, angojwe, na anayempenda akae karibu naye.

Hadithi yangu nimeivua hapa. Mwenye kuitaka aiokote, akatandike kwake.