Kwa Nini Jiwe Jeupe la Sinya Huelea

Asiyeamini aanze kucheka sasa, ili akimaliza tuendelee, maana hadithi hii ni ya jiwe linaloelea. Lipo, wala si la kuambiwa. Linachimbwa Sinya, kwenye uwanda unaoutazama Mlima Kilimanjaro, nalo ni jeupe kama maziwa yaliyoganda. Ukilitupa majini likiwa kavu linaibuka na kutulia juu. Ukiligusisha ulimi linanata, na wewe unabaki umetoa ulimi mbele za watu. Mambo hayo yana chanzo chake, na chanzo chenyewe ni mwanamke mmoja aliyejua kukandika nyumba kuliko wenzake wote.

Zamani hizo mawe yote yalizama, meupe kwa meusi, na Mlima alikuwa kichwa wazi, hana theluji hata ya kudokoa. Chini yake aliishi dada yake, Ziwa. Ziwa alikuwa mama mtulivu asiyejua safari. Mvua inyeshe isinyeshe, alikuwa pale pale amejaa, ng'ombe wanakunywa upande huu na tembo upande ule, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, bonge la tope jeupe na laini, lililolala chini kabisa mapajani pake. Mtoto huyo hakuwahi kuliona jua.

Pembeni mwa Ziwa palikuwa na boma la mzee Parmuat, na humo aliishi mke wake mkubwa, Nasieku. Binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Nyumba yake ilikuwa kimya, na kimya hicho alikimaliza kwa kukandika. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya mwanamke: fito anasimika yeye, samadi na majivu anapaka yeye. Nasieku alipaka mpaka upepo ukakata tamaa. Mvua ikianza, wanawake wengine walikimbilia kwenye paa na makapu ya samadi, yeye ameketi ndani anakoroga uji. Akiona tundu, mkono ulimwasha. Aliwahi kuziba tundu la nyumba aliyokwenda kuitembelea tu, tena kabla hajasalimia.

Mke mwenzake, Simaloi, aliwahi kumpa kondoo, na kwa desturi ya kwao waliopeana kondoo huitana Paker. Basi hao wawili hawakuitana kwa majina tena, ni Paker kwa Paker. Simaloi alikuwa akiwaambia watu kwamba Paker wake akipitiwa na usingizi huku mikono ina samadi, ataamka amejiziba masikio. Nasieku alicheka kama wengine, kisha akaenda kukagua kuta za Simaloi.

Ikatokea Mlima akaugua kichwa. Jua lilikuwa limempiga utosini miaka na miaka, hata akaanza kutoa moshi. Akatuma ujumbe kwa dada yake aje amfunike kichwa kwa kitu cha baridi. Ndugu akiugua huulizi mara mbili. Ziwa akaanza kujikusanya, apande juu kama mvuke. Lakini mtoto je? Mtoto alikuwa mzito, hawezi kupanda, na kumwacha peke yake juani ni kumuua.

Akayauliza mawe meusi ya ufukweni. Yakajibu kwamba yana joto lao yenyewe la kushughulikia. Chumvi alijitolea haraka mno, na Ziwa akamkataa papo hapo, maana Chumvi anajulikana tabia yake: akiona nafasi, anahamia. Nasieku alikuwa hapo, amekuja na punda wake kuteka maji. Aliposikia hayo akaweka kibuyu chini, akasema kwamba nyumba yake ina nafasi na kuta zake hazivuji, mtoto apewe yeye.

Ziwa akasema, "Sikiliza, mama. Siku nikirudi nitashuka kwa kasi, nimejaa vumbi na matawi, sioni. Sitaweza kumtafuta chini. Yeye ndiye aje juu nimguse. Nikimgusa nitasimama hapa hapa. Nisipomgusa nitajua hayupo, nitapita nikamtafute mbele, wala sitarudi tena."

Nasieku akaapa. Alikuwa amefika katikati ya njia, bonge limefungwa mgongoni kwa ngozi na kiuno kinamlalamikia, ndipo akakumbuka kwamba hajawahi kuona tope likiogelea.

Ziwa akaondoka. Uwanda ukabaki mweupe, unapasuka. Ng'ombe wakawa wanapelekwa kwenye chemchemi za mbali na kurudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Mzee Parmuat aliwaambia watu wake ukweli bila kuuzungusha: Ziwa akirudi na kusimama, boma litabaki; akipita, itabidi wahame na kuyaacha makaburi na kila kitu. Halafu akamtazama mke wake mkubwa na kile alichobeba mgongoni, akanusa ugoro.

Nasieku alimwita mtoto Naibor, yaani mweupe, akamlea kama alivyowalea binti zake. Alikwenda naye kukata fito na kukama. Asubuhi, alipovifukiza vibuyu vya maziwa kwa kaa la mzeituni mwitu, alimpitisha na Naibor katika moshi ule, maana alitaka mtoto anukie nyumbani. Moshi ulimkaa. Kidogo kidogo weupe wake ukashika rangi ya asali, na Nasieku akajivuna kama mtu aliyepaka rangi mwenyewe. Wanawake wa maboma mengine walikuja kumwona mama wa jiwe. Walikuja kucheka, lakini wengi waliondoka wamekwisha kumpakata.

Mtoto akajifunza kusema, na neno lake la kwanza lilikuwa maji. Kutwa alinong'ona mambo yake mgongoni kwa Nasieku, hasa habari za mama yake: jinsi alivyokuwa baridi asubuhi, jinsi ndege heroe walivyomtekenya kwa miguu yao. Na kadiri alivyokauka ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi. Hapo Nasieku angefurahi, maana wepesi ndio uliotakiwa. Lakini mweleze mama yeyote kwamba mtoto wake kupungua uzito ni habari njema, uone atakavyokutazama. Nasieku alishikwa na hofu. Alimpa maziwa, akampa mafuta ya kondoo, na bado mtoto alikuwa mwepesi kuliko juzi.

Asubuhi moja alimtoa mlangoni, akamgeuza kwenye mwanga, akaona. Mwili mzima wa mtoto ulikuwa matundu. Yalikuwa madogo kuliko ncha ya sindano, mengi yasiyo na idadi, yameingia mpaka ndani. Nasieku alijiona mzembe wa kupindukia. Yeye, ambaye ukuta wake haukuwahi kupitisha hata harufu, amelea mtoto anayevuja.

Mkono ukamwasha. Akachanganya samadi, majivu na mafuta, akakoroga mpaka vikawa laini, akamkandika Naibor pande zote, akasugua kwa kiganja mpaka akang'aa. Mtoto akawa mzito tena, kamili, mgongo unahisi kwamba umebeba mtu. Nasieku alizunguka naye boma zima akimwonyesha. Hakugundua kwamba kunong'ona kumekoma.

Aliyegundua ni Simaloi. Alimchukua mtoto akamwogeshe katika hori la kunyweshea ndama, na mtoto akaenda chini moja kwa moja, akagonga. Wanawake wawili wakainama juu ya hori. Kisha Simaloi akainua kichwa, akauonyesha Mlima kwa kidevu. Kichwa cha Mlima kilikuwa cheupe, kimefunikwa vizuri, hakitoi moshi tena, na mawingu yalikuwa yameanza kujipanga mabegani pake. Mgonjwa amepona, dada anajiandaa kurudi nyumbani.

Nasieku akamtoa mtoto majini, akamfuta uso, akamuuliza kwa nini hakusema.

"Yeyo, ulikuwa unafurahi," Naibor akasema. Yeyo ndilo neno lao la mama, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Lakini hayo si matundu. Kila palipo wazi ndipo alipokuwa mama. Alipotoka, nilimwekea nafasi yake."

Nasieku akalia, wala sioni sababu ya kuficha hilo. Alilia kwa aibu, na alilia kwa kuitwa yeyo, na machozi ya namna zote mbili yalitoka kwa pamoja. Kisha akajifuta, akaketi chini, akaanza kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: kubandua alichokandika.

Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kujenga boma. Alichokonoa kwa miiba ya mgunga, akapuliza, akayayeyusha mafuta kwa joto la makaa, akafuta, akachokonoa tena. Sifa ya ukandikaji wake ilikuwa kwamba haubanduki, na sasa sifa hiyo ilimtesa. Simaloi akaja na mwiba wake. Wakaja na wengine, boma zima la wanawake, wakamzunguka mtoto wakipuliza kila mmoja upande wake. Simaloi akatunga wimbo palepale juu ya mwanamke aliyetaka kuziba anga ili mvua isivuje, na wote wakauitikia, na aliyecheka zaidi ni Nasieku mwenyewe. Naibor naye akaanza tena kunong'ona, kwanza kidogo, kisha kwa kelele, kwa sababu anatekenywa.

Walikuwa bado wanapuliza, mara Mlima akanguruma. Upande wa chini wa mtoto ulikuwa na samadi bado. Nasieku hakungoja. Alimfunga mgongoni, akashuka uwandani akikimbia, na watu wote nyuma yake.

Maji yalikuja ya rangi ya ardhi, yamebeba matawi na mizizi, hayatazami kushoto wala kulia. Mawe meusi ya ufukweni yalibiringishwa na kuzama mbele ya macho yao. Nasieku akaingia mpaka kiunoni, Simaloi akimshikilia kwa nyuma, akafungua ngozi, akamweka mtoto juu ya maji. Mtoto akazama.

Nasieku alisimama mikono mitupu. Maji yakampita, yakaanza kuelekea mbele. Ndipo ile samadi ya mwisho ilipolowa na kubanduka. Pakatokea povu, kisha utosi wa rangi ya asali, kisha mwili mzima. Naibor akaibuka, akayumba, akatulia juu.

Maji yalimgusa, na Ziwa akasimama kama ng'ombe aliyenusa ndama wake. Mafuriko yote yale, toka mlimani mpaka uwandani, yalisimama. Ziwa akamzunguka mtoto polepole, akaingia katika nafasi ya kwanza, akaingia ya pili, akaingia zote, akakuta hakuna hata moja iliyokaliwa na mgeni. Mtoto akanywa. Akalainika tena kama alivyozaliwa, akashuka taratibu mpaka mapajani pa mama yake. Huku juu watu walikuwa wanaimba, ng'ombe wameingia majini bila kuswagwa, na mzee Parmuat amenusa ugoro mwingi kuliko heshima yake, anapiga chafya na kucheka.

Nasieku peke yake aliikunja ile ngozi tupu, akageuka aende zake. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma. Alikuwa anaiona nyumba yake na kimya chake.

"Mama," Ziwa akamwita. "Huyu mtoto ananukia nyumba ya mtu. Nimemwosha, na harufu haitoki."

Nasieku akakiri kwamba ni yeye aliyekuwa akimfukiza, na kwamba hajui namna ya kuitoa.

"Usiitoe," Ziwa akasema. "Kaka yangu atahitaji kufunikwa kichwa kila mwaka, na nitapanda kila mwaka. Nikienda, abaki kwako. Nikirudi, aje kwangu."

Wakakubaliana, kisha wakakwama kwenye jambo moja. Waliopeana kondoo huitana Paker, na waliopeana ng'ombe wana jina lao pia, lakini hapakuwa na jina la watu waliopeana mtoto. Simaloi alipendekeza majina kadhaa ambayo siwezi kuyataja hapa. Mwishowe wakaitana Yeyo, kila mmoja akimwita mwenzake mama, na mtoto akawa na kazi ya kuitikia kwa wote wawili.

Nasieku alipozeeka na mgongo ukakataa kubeba, alimjengea Naibor nyumba palepale chini ya uwanda, ya udongo juu ya udongo, ili jua la kiangazi lisimfikie. Ndiyo kazi yake ya mwisho ya kukandika, na safari hiyo alikandika nyumba, si mtoto. Haijabomoka mpaka leo, na ndiyo maana wachimbaji hulikuta jiwe hilo chini ya matabaka ya udongo mgumu, nao hulaani kidogo kabla ya kushukuru.

Na tangu siku hiyo Ziwa huja wakati wa mvua na kuondoka kiangazi, na hakuna anayeshangaa. Jiwe jeupe likitoka ardhini likiwa na unyevu ni laini, kisu kinalikata, maana mtoto bado yuko mapajani pa mama yake. Likikauka huwa gumu na jepesi, maana limeanza kungoja. Wazee hulichonga viko vya kuvutia tumbaku, na moshi hulitia ile rangi ya asali, kwa sababu halijausahau moshi wa nyumba ya Nasieku. Wala hulipati kila mahali. Maziwa mengine yaliyosafiri yaliwaacha watoto wao kwa Chumvi, na ukienda huko utakuta uwanda mweupe wenye magadi tu, kila nafasi imekwisha kukaliwa.

Na likikunata ulimini, usilivute kwa nguvu. Linauliza kama mama amerudi. Lilowanishe kidogo, litakuachia.