Pimbi, Mpokea Hodi wa Nyati

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Nyati alikuwa na nyumba yenye mlango na komeo, wanyama walipelekeana habari kwa ngoma. Ndovu alipiga kule mlimani, Nyati akasikia katikati, naye akapiga upya kwa miguu yake ya mbele ili wa bondeni wasikie. Mapigo matatu: mto unafurika, pandeni. Mapigo manne: samaki wamejaa, shukeni mtoni.

Nyati alipewa kazi hiyo kwa sababu ya misuli. Kila alichosikia alikipiga kwa nguvu zake zote: ngoma ya Ndovu, na pia Kigogota aliyegonga mti akitafuta funza. Safari moja wa bondeni walipata mapigo kumi na tisa. Walikaa wakatazamana.

Jirani yake alikuwa Pimbi, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kikapu. Wanawe watano waliishi bondeni, kando ya mto, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Pimbi aliogopa sana. Akaenda kwa Nyati.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Una shida gani?"

"Naona aibu, mzee. Mkubwa kama wewe unapokea hodi za ngoma mwenyewe? Wakubwa wana mtu wa mlangoni."

Nyati akafikiri. Kazi hiyo ilimchukua muda.

"Hata Ndovu?"

"Ndovu anao wawili."

Haikuwa kweli.

"Basi utapokea wewe. Lakini ngoma napiga mimi."

"Nani mwingine mwenye kifua hicho? Mimi nitakufinya mguu tu. Nikifinya, piga. Nisipofinya, pumzika. Ndio ukubwa."

Sasa wanangu, kila mpiga ngoma huanza kwa hodi tatu. Nyati alizipuuza, eti salamu si habari. Pimbi ndizo alizozitegea sikio. Kobe alibisha hodi taratibu, ungeweza kumenya ndizi katikati. Digidigi alibisha mbio, ti-ti-ti. Kwa hodi hizo Pimbi alijua mwendo wa mgeni, akamfinya Nyati kwa mwendo uleule. Kilichoanguka nje ya mwendo hakukifinyia.

Siku ya tatu mvua ikashuka mlimani. Du... du... du. Hodi ya Ndovu. Pimbi akatikisa kichwa kuufuata mwendo. Kisha ikaja habari yenyewe: du... du, ko, du.

Akafinya. Akafinya. Kwenye "ko" akatulia. Akafinya.

Bondeni wakasikia matatu, safi kabisa, wakapanda na sufuria zao. Alasiri mto ukapita palipokuwa na nyumba. Pimbi akawahesabu wanawe, watano wote, akalia.

Wa bondeni wakamshukuru Nyati, naye akazipokea shukrani zote. Walipoondoka akasema, "Pimbi, mimi nilisikia manne."

"Ndiyo, mzee. Moja lilikuwa la Kigogota. Ungepiga manne, wangeshuka mtoni."

Nyati akautazama mguu wake. "Kwa hiyo tangu juzi anayepiga ngoma ni wewe."

"Miguu ni yako, mzee."

Nyati akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka. "Hodi ikija," akasema, "finya vizuri."

Wanangu, nguvu hupaza hata kelele. Neno hufikishwa na sikio.