Nyegere Anusa Tumbo la Bi Mgeni

— Jamani, mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo?
— Tumeifunga!
— Ifungueni kidogo, kuna mahali mtacheka.

Basi hapo kale, katika msitu wenye mizizi mingi na njia nyembamba, aliishi Paa jike, jina lake Zamda, na mumewe Mbwana. Walipendana. Walikula pamoja, walikimbia pamoja, mvua ikinyesha walijikunyata pamoja. Ila hawakuwa na mtoto.

Kila masika wenzao walizaa. Swala alizaa. Ngiri alizaa, tena wengi, mpaka akawa anawasahau majina. Zamda hakuzaa. Kila masika alikata nyasi laini kwa meno yake, akatandika pembeni mwa malazi yao mahali padogo, padogo sana, pasipomtosha yeye wala mumewe. Mbwana alipaona, akapazunguka, akaenda zake malishoni. Hakusema kitu. Nyasi zikakauka, Zamda akazitoa, akangoja masika mengine.

Sasa, Nyegere mnamjua? Mweusi chini, mweupe mgongoni, kucha kama majembe. Chui mwenyewe akimwona humpisha. Nyegere alipenda asali kuliko alivyompenda mama yake, lakini alichoka kupanda miti kuitafuta. Siku moja akajifunga kibuyu kiunoni, akatangaza: "Mimi ni mganga wa matumbo!"

Wajawazito wote aliwaambia maneno yale yale: "Mjamzito hali asali. Akila, mtoto atazaliwa kipara. Asali iletwe kwangu, niiondoe ubaya."

Ikaletwa. Hakuna aliyeuliza ubaya ulikwenda wapi, wala asali ilikwenda wapi.

Zamda naye akasikia, akaenda. Nyegere akaweka pua tumboni. Nff! Nff! Nff!

"Limefungwa."

"Limefungwa na nini, Bwana Mganga?"

"Ulipokuwa mwali uliruka mzizi wa mkuyu. Mzizi umelifunga tumbo lako mafundo mafundo. Lete asali, litafunguka. Na mchana usinywe maji, wala usile majani mabichi."

Katika msitu ule, nani hajawahi kuruka mzizi? Lakini Zamda hakujiuliza. Alikuwa na hamu ya mtoto, na hamu ilijaa mpaka pa kuweka swali hapakuwepo.

Akaleta asali. Nff! Nff! "Fundo limelegea. Bado. Lete asali."

Akaleta. Nyuki zzzz, wakamuuma pua. Nff! Nff! "Bado. Lete asali."

Akaleta. Nyuki zzzz, wakamuuma masikio na kope. Nff! Nff! "Bado. Lete asali."

Zamda akakonda, mbavu zikaonekana. Mavyaa yake, mama wa Mbwana, akasema kwa sauti, ili asikike: "Mwanangu, tafuta mke mwingine. Huyu kafungwa." Mbwana akanyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma Zamda kuliko nyuki.

Asubuhi moja alianguka karibu na kijito. Hapo akapita Sange, yule mnyama wa pua ndefu, mdogo hata ukimkanyaga utadhani umekanyaga kokwa la embe.

"Shoga, mbona uso umevimba? Nani kakupiga?"

"Nyuki."

"Unatafuta nini kwa nyuki?"

"Mtoto."

Sange hakucheka. Alikaa chini, akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Na Mbwana naye kanuswa?"

"Mwanamume anuswe nini? Tumbo ni langu."

"Na mtoto mnayemtaka ni wa nani?"

"Wetu."

"Basi mbona anatafutwa kwako tu?"

Zamda machozi yakamtoka. "Sange, nimechoka. Lakini nikiacha kwenda kwa mganga, nitajiona kama nimemwacha mtoto njiani."

"Sikuambii uache kumtaka," Sange akasema. "Nakuambia tumjaribu mganga. Pua yake kama inajua, itajua. Ila kwanza, kunywa maji."

Zamda akanywa. Akanywa tena.

Sange akaenda kwa Mbwana, Zamda akifuata nyuma. "Shemeji, mkeo unampenda?"

"Sana."

"Utavaa majani ya mgomba?"

Mbwana akataka kucheka. Kisha akautazama uso wa mkewe, akautazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Nitavaa," akasema.

Sange akamsugua mrehani mwili mzima, harufu ya dume isisikike, akamfunika majani kuanzia pembe hadi kwato. Akapita kwa majirani: "Njooni mjifiche kichakani kwa Nyegere. Msikohoe." Halafu, tii tii tii, akaongozana na mgeni wake.

"Hodi, Bwana Mganga! Nimekuletea wifi yangu, Bi Mgeni. Haya zimemzidi, hasemi."

Nyegere akaweka pua. Nff! Nff! Nff!

"Limefungwa!"

"Maskini! Limefungwa na nini?"

"Alipokuwa mwali aliruka mzizi wa mkuyu."

"Sasa atazaa?"

"Atazaa. Namwona mtoto wa kike, macho kama ya mama yake. Lete asali, litafunguka."

Bi Mgeni akasimama. Majani yakadondoka, pra, pra, pra. Pembe hizo, juu!

"Bwana Mganga, mimi ni Mbwana. Hiyo mimba nitaibeba wapi?"

Kichaka kizima kikaangua kicheko. Nyegere akatoa kucha. "Nitawararua wote!" Kicheko kikakatika.

Sange akasogea, akalitazama tumbo la Nyegere, lililotuna kwa asali ya watu.

"Jamani, msimkasirishe! Hali yake hamuioni? Kama dume hufungwa tumbo, basi dume pia hufunguliwa. Bwana Mganga, hiyo ya mwezi wa ngapi?"

"Hii ni asali!" Nyegere akapiga kelele.

"Asali ipi? Ile ya kuondolewa ubaya?"

Nyegere akakikumbatia kibuyu chake.

"Mjamzito hali asali!" Swala akapaza sauti. Ngiri akamnyang'anya kibuyu. "Usinywe maji mchana!" "Majani mabichi usiguse!" Vigelegele vikapigwa, lililililili! Nyegere alizoea kupigana na meno na kucha, lakini vigelegele hakujua avikamate wapi. Akatimua mbio, puru puru puru, tumbo likitangulia. Ndiyo maana hadi leo anatembea peke yake.

Ngiri akashika kibuyu, akainamisha kichwa. "Niseme kweli? Mimi nilikula asali mimba zangu zote, kwa kujificha. Na wanangu mnawaona, nywele mpaka mgongoni."

"Hata mimi nilikula," akasema Swala. Na mwingine, na mwingine. Kumbe wengi walikula, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Zamda na Mbwana wakaenda kwa Kanga, mkunga wa msitu. Kanga aliwauliza wote wawili, akawatazama wote wawili.

"Kuruka mzizi hakufungi tumbo," akasema. "Kungefunga, msitu huu usingekuwa na mnyama. Shida huwa kwa mke, huwa kwa mume, huwa kwa wote, na mara nyingine hatuijui. Kuleni, kunyweni, mrudi niwatazame tena. Lakini simwahidi mtu."

Zamda akala, akanywa, manyoya yakarudi kung'aa. Masika yakaja, yakapita. Mtoto hakuja. Najua mlitaka nimlete, nami nilimtaka.

Jioni moja ndama wa Swala alipotea, akafika kwa Zamda, akalala ubavuni pake akipumua joto. Mama yake akaja kumchukua. Zamda akasimama akiitazama njia, hata baada ya njia kubaki tupu. Mbwana hakwenda malishoni. Alikuja, akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Hata mimi namtaka," akasema. "Namtaka kila siku."

"Hukuwahi kuniambia."

"Niliogopa."

Wakabaki pale wawili, wakimtaka pamoja.

Fundisho lake, jamani: mtu akikwambia kitu ni sumu, huku mate yanamdondoka, mwamini upesi, umpelekee chote. Na mke asipozaa, kamwe msimuulize mume, asije akavaa majani ya mgomba.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Mmeamini?
— Hatukuamini!
— Basi nendeni mkalale, ngano imeshalala.