Jenereta la Mzee Shekalaghe

Siku ya mashindano yake ya gemu za mpira za kwenye runinga, Mwantumu alikatikiwa umeme kibandani kwake, akakodi jenereta la Mzee Shekalaghe, tajiri asiyetoa hata salamu bure. Fainali ilipokaribia, tajiri akaja kudai kodi mara mbili.

"Usipolipa nazima."

"Zima, baba. Ila cheza kwanza kidogo na huyu kijana Hoza kwenye runinga hii ya pembeni, upigwe picha kama mgeni rasmi."

Mzee akashika pedi ya gemu, akabonyeza ovyo, akafunga bao. La pili likamvua koti. Mara jenereta likakohoa.

"Petroli inakwisha, baba. Tuzime?"

"Azime nani? Kanunueni," akasema, akatoa noti bila kugeuza shingo.

Hoza alikuwa bingwa wa mwaka uliopita. Mwantumu alikuwa amemnong'oneza akubali kufungwa polepole, mpaka fainali iishe kwenye runinga ya pili.