Firigisi ya Jogoo wa Tusekile

Sogeeni karibu. Aliyekuja na hasira zake asiziache mlangoni, zitamfaa huko mbele.

Wakati wa ile vita kubwa, vijana wa milimani walipopakiwa melini hadi Burma kwenda kupigana ugomvi wasioujua ulikoanzia, walikuwako wanaume watatu wenye vipaji. Koplo Mhagama alikuwa na mkono: neno ulilomwambia ndilo aliloandika, halipungui wala haliongezeki. Mwaijande, tarishi wa bomani, alikuwa na miguu: barua aliyokabidhiwa ilifika, mito ifurike isifurike. Mwalimu Yesaya alikuwa na macho: aliisoma barua yote, hata vitarakimu vya pembeni ambavyo wengine huviruka. Hao ndio watatu ambao wazee huwataja. Alikuwako pia mwanamke mmoja, Tusekile, ambaye wazee hawakumtaja kwa kipaji chochote. Yeye alikuwa na jogoo, na mtoto mmoja tu, Ambakisye, askari.

Ambakisye hakujua kuandika. Barua zake za mwanzo aliandikiwa na karani wa kikosi, na zote zilikuwa barua ile ile. "Wazazi wangu wapenzi, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Tusekile alizisikiliza zikisomwa, kisha akauliza, "Mwanangu anakula nini huko? Mbona hasemi?"

Halafu ikaja karatasi ya serikali. Askari Ambakisye mwana wa Asajile amekufa mwezi wa tatu, amezikwa huko huko. Basi. Mistari miwili kwa mtoto aliyenyonyeshwa miaka miwili.

Sasa, desturi ya kwao ilikuwa hivi. Mtu akifia mbali na maiti yake isipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Shina hukatwa kwa urefu wake, likavikwa shuka yake, likafukiwa. Likishafukiwa, imekwisha. Vitu vyake huchomwa, na hata akitokea kesho yake akitembea kwa miguu miwili hafunguliwi mlango, kwa sababu aliyezikwa si mtu tena. Mzee Asajile, mumewe Tusekile, alilia siku nzima, kisha akaita wazee. Shimo likachimbwa, mgomba ukakatwa.

Tusekile akaingia shimoni, akakaa.

"Mama Ambakisye, toka," mumewe akamwambia. "Unatuaibisha."

"Nani kati yenu amemwona akifa? Karatasi yenyewe haisemi hata ni nani aliyemfumba macho. Atakayemzika mwanangu anizike mimi kwanza. Udongo upo, majembe mnayo."

Alikaa siku mbili. Walipochoka kumbembeleza na kumtukana, akatamka mbele ya wote: "Yule jogoo wangu mwekundu asiguswe. Atachinjwa siku Ambakisye atakaporudi, na atakayekuwa amenirudishia mwanangu ndiye atakayekula firigisi." Kwao firigisi ilikuwa heshima. Haikatwi vipande, na mwanamke haitii mdomoni. Wazee wakacheka, wakaenda zao, na mgomba ukaozea kando ya shimo. Wanawake wenzake wakaacha kumpitia asubuhi waendapo mtoni. Mumewe hakula chakula cha mkono wake msimu mzima wa mahindi. Tusekile alipika, akamwekea, akakiondoa kimepoa.

Na Ambakisye alikuwa hai. Mwenzake alipopigwa risasi, alimfunika kwa koti lake lenye namba. Mwenzake akafa, akazikwa kwa namba ile. Saa chache baadaye bomu likamvunja Ambakisye mguu na kumuunguza mikono, akafikishwa hospitali ya mbali akiwa hana namba wala fahamu. Fahamu ziliporudi akajitaja jina. Karani wa hospitali akapekua daftari. "Huyo amekufa," akasema, akalifunga. Meli zikaanza kurudisha majeruhi makwao, naye akabaki kitandani, maana maiti hapewi nafasi melini. Hebu niambieni, mtu amfanyeje mjinga wa namna hiyo?

Koplo Mhagama, aliyelala kitanda cha pili, akachukua kalamu. Barua zilitakiwa zipitie kwa ofisa kwanza, na ya mtu aliyekufa isingepita.

"Usiniandikie hofu na mashaka," Ambakisye alimwambia. "Mwandikie baba kwamba kile chungu chake cha pombe nilikivunja mimi, si mbuzi. Mama alinifichia."

Mhagama akaandika hivyo hivyo. Juu pembeni akatia tarehe, jina la hospitali na namba ya kitanda, akampa majeruhi aliyekuwa anarudi kwao aifiche, aitie posta akifika. Ilipojulikana, akavuliwa ukoplo.

Barua ikafika bomani. Karani wa pale alipoona jina la mtumaji, akaitupa kando. "Ya marehemu hii. Irudishwe ilikotoka."

"Bwana karani," Mwaijande akasema, "mimi niliajiriwa kupeleka. Kurudisha sikufundishwa." Akaitia kifuani, akatembea siku mbili kwenye matope. Aliporudi akakuta mfuko wake umevaliwa na tarishi mwingine.

Mwalimu Yesaya akaisoma mbele ya wazazi. Ilipofika kwenye chungu, Mzee Asajile akasimama. "Mbuzi yule nilimchinja kwa kosa hilo!"

Tusekile alikuwa akicheka huku analia. "Nilikudanganya, Baba Ambakisye, miaka tisa. Jambo hilo tulilijua wawili tu duniani. Sasa niambie aliyekufa ni nani."

Lakini macho ya mwalimu yalikuwa bado juu pembeni. "Hii imeandikwa mwezi wa tano, na karatasi ilimwua mwezi wa tatu," akasema. "Na kitanda ni cha kumi na tisa." Akaandika bomani. Karani akamjibu kwamba karatasi ya serikali haikosei. Akaandika tena, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu akamruka karani, akawaandikia wakubwa wa jeshi. Kwa utovu huo wa adabu alinyang'anywa shule aliyoijenga kwa mikono yake. Lakini wakubwa walituma mtu akatazame kitanda cha kumi na tisa, akamkuta marehemu anakunywa uji.

Ndivyo Ambakisye alivyorudi, kwa magongo, Mhagama akimshika kiuno. Akapita mlangoni kwao. Jogoo akachinjwa, na kwa uzee wake alichemka tangu asubuhi. Nje wazee wakaanza kubishana firigisi ni ya nani. Huyu akasema bila kalamu hakuna barua. Yule akasema barua isiyofika ni karatasi. Mwingine akasema barua iliyofika bila macho ya kuisoma ni karatasi pia.

"Na mama?" Ambakisye akauliza.

"Mama yako alifanya nini?" Mzee Asajile akasema, tena kwa upole. "Alikaa tu."

Jikoni Tusekile alilisikia. Siku mbili katika udongo baridi, msimu mzima wa sahani zinazorudi zimejaa, na hesabu yake yote ni neno moja, tu. Moyo ulimchemka kuliko chungu cha jogoo. Akaipakua firigisi peke yake sahanini, akatoka nayo.

"Ningetoka shimoni, barua ile angeisoma nani?" akauliza. "Ya aliyezikwa si huchomwa bila kufunguliwa? Na huyu leo angepita mlango gani?"

Mwalimu Yesaya ndiye aliyejibu. "Unasema kweli, mama. Lakini ahadi uliitoa wewe. Mtu huahidi zawadi akaichukua mwenyewe?"

"Na kama nisingeibeba ile barua," Mwaijande akasema taratibu, "si ungemngoja mpaka leo?"

Mhagama alikuwa anapapasa mkono wa shati, pale palipobanduliwa cheo chake.

"Tena mwanamke hali firigisi," Mzee Asajile akaongeza.

"Na maiti hanywi uji," Tusekile akamjibu, "lakini huyu hapa amekunywa." Akaiweka sahani kwenye mikono ya mwanawe yenye makovu. "Wewe ndiye uliyerudishwa. Haya, toa."

Ambakisye ameishika. Firigisi ni moja, na kisu hakiruhusiwi. Mbele yake wamekaa watu watatu ambao hawakuzaliwa naye, na kila mmoja amepoteza riziki au cheo kwa ajili yake. Kando amesimama mama yake, ambaye bila yeye nyumba hii ingekuwa imefungwa. Wenzangu, atakayeniambia "alikaa tu" aende kwanza akakae shimoni siku mbili, ndipo nimsikilize. Na atakayewasahau wale watatu akumbuke kwamba wao hawakuwa na mtoto kule.

Firigisi inapoa, na watu wote wanamtazama Ambakisye. Je, sahani ingekuwa mkononi mwako, wewe ungeamua vipi?